Kufuli Tatu za Kisanduku na Simu ya Mweka Hazina

(Mazungumzo na maofisa wa vikundi vya kujisaidia kutoka mitaa ya Eastlands, Nairobi)



Tumeombwa tuzungumze juu ya usalama wa mtandao, na jinsi unavyoguswa na akili bandia na ugomvi wa mataifa. Tunajua baadhi yenu mliposikia mada hii mlisema, hayo ni ya mabenki na serikali, sisi tuna mzunguko wetu wa shilingi mia mbili kwa wiki, nani atatutafuta? Haya basi, tuanzie hapo hapo.

Mnaikumbuka Alhamisi ya tarehe 27 Julai 2023. Ukitaka kununua tokeni za stima kwa simu, haziji. Ukitaka cheti kwenye eCitizen, mtandao umelala. Wasafiri wa gari moshi la Mombasa walipata taabu kukata tiketi, na hata kuhamisha pesa kati ya simu na benki kukayumba. Kinyozi ambaye mita yake ilizima saa hizo alikuwa hana la kufanya ila kufunga duka na kukaa nje. Haukuwa umepita hata mwezi tangu serikali izindue, tarehe 30 Juni, huduma zaidi ya 5,000 kwenye hiyo eCitizen. Waziri wa Habari na Mawasiliano wa wakati huo, Bw. Eliud Owalo, alikiri kwamba kulikuwa na shambulio, akasema hakuna habari za wananchi zilizopotea.

Sasa, shambulio lenyewe lilikuwa la namna gani? Fikirieni duka lenye dirisha moja. Mtu anawatuma vijana mia tano wapange foleni, kila mmoja aulize bei ya chumvi, asinunue, arudi nyuma aulize tena. Hawajavunja kufuli, hawajaiba hata kiberiti. Lakini wewe uliyetumwa maziwa ya mtoto, maziwa huyapati. Ndivyo ilivyofanyika, ila badala ya vijana ni mashine zinazotuma maombi kwa maelfu kila nukta.

Na kwa nini sisi? Waliojitangaza kuwa ndio wenye kitendo hicho walijiita Anonymous Sudan, wakasema Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023. Kenya ilikuwa inaongoza kamati ya nchi nne za IGAD iliyotafuta njia ya amani, na mwezi huo huo wa Julai jeshi la Sudan lilikuwa limekasirika, jenerali mmoja akasema Kenya ilete jeshi lake ione. Yule kinyozi hajawahi kukosana na mtu wa Khartoum. Hata ukimwuliza IGAD ni nini atafikiri kidogo. Lakini siku hiyo hakupata riziki. Methali ya mafahali na nyasi tunaijua sote. Jipya ni kwamba siku hizi mafahali wanapigania ndani ya simu zetu.

Hadithi hiyo ina kipande cha pili ambacho watu wengi hawakukisikia. Mwezi Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kwamba wamewashtaki ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuendesha kundi hilo. Walidai kundi lilifanya mashambulio zaidi ya 35,000, mengine dhidi ya hospitali, na kwamba chombo chao walikuwa wakikikodisha kwa yeyote mwenye kulipa. Hebu tulitazame hilo. Wengi walikuwa wamekisia ni taifa kubwa lililoko nyuma, na mashtaka yakawataja watu wawili na mashine. Silaha ya vita inakuwa kama mkokoteni wa Gikomba, ukiwa na pesa unaukodi.

Hali kadhalika silaha za mataifa zenyewe huponyoka. Mwaka 2017 programu moja mbaya iliyoitwa WannaCry ilifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia ili izifungue, na hospitali nyingi za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Mlango ilioingilia ulikuwa umegunduliwa na shirika la ujasusi la Marekani likauficha kwa matumizi yake, siri ikavuja, wengine wakaiokota. Marekani na Uingereza zililaumu Korea Kaskazini. Aliyelala kitandani akingoja upasuaji hakuwa upande wowote.

Hata nyaya zenyewe hazina usalama. Intaneti yetu haitoki mbinguni, inapita chini ya bahari na kufika nchi kavu Mombasa. Februari 2024 Wahouthi wa Yemen waliipiga kwa kombora meli iitwayo Rubymar katika Bahari ya Shamu. Meli ikaelea ikiburuta nanga, na maofisa wa Marekani walisema yaelekea nanga hiyo ndiyo iliyokata nyaya tatu za mawasiliano zilizolala pale chini. Vita ni vya Mashariki ya Kati, kuburutwa ni nanga, na anayesubiri ujumbe uingie kwenye simu ni mtu wa Afrika Mashariki.

Tunayasema haya si kuwatisha. Mnaonaje, mama wa kikundi atafanya nini na Bahari ya Shamu? Hakuna. Lakini anaweza kuamua kwamba kitabu cha kikundi kitaandikwa kwa kalamu, kila mkutano, na kila mwanachama atakuwa na kadi yake inayoonyesha ameweka kiasi gani. Vikundi vingi vya vijana vimetupa vitabu, kila kitu kiko kwenye simu ya katibu. Tunawaambia wazi kwamba hatukubaliani nao. Mtandao ukilala siku moja ni usumbufu tu. Simu ikiibiwa Muthurwa na hesabu zote zimo ndani, kikundi kimekwisha.

Tuje sasa kwenye akili bandia, maana hapa ndipo kikundi kidogo kinapoguswa moja kwa moja.

Machi 2023 ilienea picha ya Baba Mtakatifu Fransisko amevaa koti jeupe kubwa la baridi, la kifahari, kama la wanamuziki. Waumini wengine walikasirika, wengine walicheka. Ilikuwa ya uongo, imechorwa na mashine kwa maneno machache ya mtu aliyekaa kwake. Baba Mtakatifu mwenyewe, katika ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano Ulimwenguni wa mwaka 2024, alitaja kwamba naye yamempata hayo ya picha za kughushi. Na mrithi wake, Papa Leo wa 14, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa Mei 2025, aliwaeleza makardinali kwamba jina hilo amelichukua kwa kumkumbuka Leo wa 13, aliyeandika juu ya haki za wafanyakazi mwaka 1891 viwanda vilipokuwa vikibadilisha maisha ya watu, kwani sasa akili bandia inaleta mabadiliko ya namna hiyo. Kwa hivyo mtu asije akawaambia kwamba jambo hili si la kanisa.

Picha ya koti haikumdhuru mtu. Lakini mapema mwaka 2024 mfanyakazi wa fedha wa kampuni ya uhandisi ya Arup, katika ofisi ya Hong Kong, aliitwa kwenye mkutano wa video. Akamwona mkuu wake wa fedha kutoka Uingereza, akawaona na wenzake wengine, akawasikia wakizungumza. Aliagizwa atume pesa, akatuma, jumla yake takriban dola milioni 25 za Marekani. Wote aliowaona walikuwa sura na sauti za kutengenezwa. Alikuwa msomi, ofisini mwa kampuni kubwa, na mwanzoni alishuku, ila alipoona nyuso anazozijua shaka ikamtoka.

Ndugu zangu, sisi Eastlands tumeishi na wakora wa simu miaka mingi. Tunazijua jumbe za "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali rudisha", tunawajua wale wa kupiga simu kutoka jela. Na tulikuwa na ulinzi wetu wa bure, nao ni Kiswahili chao! Ujumbe ulikuja na makosa, maneno yamepinda, "mteja mpendwa akaunti yako imefunga", ukacheka ukaufuta. Ulinzi huo umekwisha. Leo mashine inaandika Kiswahili sanifu kuliko katibu wa kikundi, inaandika kama ofisi, inaandika hata kama padre. Na sauti ya mtu inaweza kuigwa kutokana na kipande kifupi tu cha maneno yake. Sasa tazameni, mwenyekiti wenu ametuma jumbe ngapi za sauti kwenye kundi la WhatsApp? Ukihesabu salamu za asubuhi na maombi ya Rozari, ni mamia.

Tuwasimulie jambo lililotokea katika kikundi kimoja cha kina mama katika mitaa yetu, tusilitaje jina. Katibu alipigiwa simu na mtu mpole sana aliyesema anaandaa mafunzo ya vikundi, na ili amsajili atamtumia nambari ya tarakimu sita, amsomee. Akasoma. Nambari ile ndiyo iliyokuwa ufunguo wa WhatsApp yake. Dakika chache baadaye amefungiwa nje, na mkora yumo ndani ya kundi kwa jina la katibu na picha yake. Akasoma mazungumzo ya nyuma akajua nani mgonjwa. Jioni ukaja ujumbe mtamu, wenye huruma, unaomtaja mama aliyelazwa kwa jina na kuomba kila mmoja atume kidogo kwa nambari fulani, kwani hospitali inadai amana usiku huo. Kina mama watatu walituma. Mweka hazina akatuma kutoka mfuko wa kikundi.

Pesa zenyewe hazikuwa nyingi sana, na kikundi kingeweza kuzirudisha kwa miezi michache. Kilichokiua kikundi ni kingine. Mume wa mwanachama mmoja alisema, "Mmekula wenyewe halafu mnasingizia mtandao." Neno hilo likakaa. Mweka hazina akaacha kuja. Katibu akahama jumuiya, anasali parokia nyingine. Kikundi kilichokuwa kimelipia karo ya watoto kwa miaka saba kilivunjika kwa sababu watu hawakuweza kutazamana tena. Katika kazi hii tumeona vikundi vikiibiwa fedha taslimu vikasimama tena, kwani mwizi alionekana, au mlango ulivunjwa. Mkora wa simu haachi mlango uliovunjika. Anaacha jina la jirani yako kwenye rekodi, kwamba ndiye aliyetuma.

Kwa hivyo kabla ya mafunzo yoyote ya simu, kikundi kiandike kwenye katiba yake hivi: ofisa aliyefuata utaratibu na bado akadanganywa, hasara ni ya kikundi chote, ofisa aliyeruka utaratibu, atajibu. Bila sentensi hiyo watu wataficha, na mkora hupenda sana tukificha, maana kila saa tunayonyamaza yeye anatoa pesa kwa wakala.

Na utaratibu wenyewe? Hapa mnatushinda sisi wenye diploma, kwa vile mnaujua tayari. Waliofunzwa mtindo wa akiba na mikopo vijijini, ule ulioanzia Niger mwaka 1991 na kina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, wanakikumbuka kile kisanduku cha bati chenye kufuli tatu. Funguo tatu kwa watu watatu, na anayekilaza kisanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Hakuna aliyesema kwamba watu hao ni wezi. Ilikuwa ni kumlinda mtu asijaribiwe, na pia asilazimishwe usiku na mwenye panga.

Ikaja M-Pesa mwaka 2007, tukafurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tulipohamisha pesa kutoka kisandukuni hadi kwenye simu ya mweka hazina, kufuli mbili tuliziacha nyuma. Ikabaki simu moja, mtu mmoja, nambari ya siri moja. Akili bandia haikuleta udhaifu huo. Imekuja ikaukuta, na inautumia. Kazi yetu ni kuzirudisha zile kufuli mbili.

Kufuli ya kwanza ya kurudisha: hakuna pesa ya kikundi inayotoka kwa sauti, kwa ujumbe wala kwa video, hata iwe ya nani. Ukipata ombi, unakata, kisha wewe mwenyewe unapiga nambari iliyoandikwa kwenye kitabu cha kikundi. Si ile iliyokupigia, ya kitabuni! Mwenyekiti akikasirika kwamba humwamini, mwambie kitabu ndicho kilichosema. Na muwe na neno la kikundi, mlilokubaliana mkutanoni kwa mdomo, lisiloandikwa popote penye simu. Mashine inaweza kuiga sauti ya Mama Wanjiru, lakini haiwezi kujua neno ambalo halijawahi kupita mtandaoni.

Kufuli ya pili ni mtu wa pili, na wa tatu ikiwezekana. Pesa nyingi zikae kwenye akaunti inayotaka sahihi za watu watatu, na kwenye simu zibaki za matumizi madogo tu. Hapo mtatuuliza, na dharura je? Ugonjwa na msiba havingoji sahihi. Ni kweli, na hatutaki kikundi kigeuke kuwa benki isiyo na moyo. Wekeni kiasi, tuseme elfu tatu au tano, ambacho maofisa wawili wanaweza kutoa usiku huo huo baada ya kumpigia mgonjwa au mtu wa nyumbani kwake. Zaidi ya hapo mtu aende hospitali kwa miguu yake amwone mgonjwa. Zamani tulikwenda. Kumtembelea mgonjwa ni tendo la huruma, na siku hizi ni usalama wa mtandao pia.

Nambari za siri na zile tarakimu za kuthibitisha hazisomewi mtu, hata ajiite nani. Safaricom wenyewe wametangaza mara nyingi kwamba huwapigia wateja kwa nambari moja tu, 0722 000 000. Ukiwa umetuma pesa ukashtuka, upeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo, kabla hazijatolewa. Ujumbe wa ulaghai upeleke kwa 333. Kisha kituo cha polisi, uandikishe kwenye kitabu cha matukio upewe nambari. Sheria ipo, ya makosa ya kompyuta, tangu 2018. Tusiseme polisi hawatafanya kitu. Bila ile nambari ya kituo hata ule mdomo wa mume wa jirani hauna jibu.

Tuguse kwa ufupi orodha zenu. Tunaona karatasi ya majina ya wanachama, nambari za kitambulisho, nambari za simu, imepigwa picha na kuwekwa kwenye kundi lenye watu mia mbili. Hiyo ni chakula cha mashine. Siku chache baada ya shambulio la eCitizen, vijana wetu walikuwa wamepanga foleni kwenye jumba la KICC wakipigwa picha za mboni za macho na Worldcoin, mradi ambao mmoja wa waanzilishi wake ni Sam Altman, mkuu wa kampuni iliyotoa ChatGPT. Ahadi ilikuwa sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Serikali iliusimamisha tarehe 2 Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari zilizokusanywa zifutwe. Hatuwalaumu vijana; shilingi 7,000 ni kodi ya nyumba. Lakini neno la siri ukiibiwa unabadilisha, jicho hubadilishi.

Na picha za watoto yatima mnaowasaidia, mnazituma mkitafuta wafadhili. Sheria ya kulinda habari za watu ni ya 2019. Septemba 2023 shule moja hapa Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Kikundi chenu kina pesa hizo?

Mwishoni mama mmoja wa Dandora alituuliza swali ambalo tungependa wasomaji wa vikundi vingine walisikie. Alisema yeye ana kabambe tu, haina WhatsApp wala intaneti, na vijana wa kikundi wanamcheka na kutaka aache uweka hazina, ampe mwenye simu ya kisasa. Tulimwuliza kitabu chake kikoje. Alikuwa nacho kwenye mfuko wa plastiki, akakifungua mbele ya wote: kila mkutano tangu 2016, kiasi, sahihi, na kwa wasiojua kuandika, kidole gumba. Tuliwaambia vijana wamwache pale pale alipo, na mmoja wao akae naye kila mwisho wa mwezi anakili hesabu pembeni, kwa kalamu, kitabu cha pili kitunzwe nyumba nyingine.